Kuvimba, Kubimba na Kuzimba

Watu husema kwamba Mganda hapati taabu kujifunza Kiswahili, kwa sababu nusu ya maneno anayo tayari nyumbani kwao. Jambo hili lina kweli ndani yake. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akiambiwa kwamba ebintu ndivyo vitu, ebitabo ndivyo vitabu, na ebikopo ndivyo vikombe, hufurahi sana, na papo hapo hujiwekea sheria: palipo na bi ya Kiganda tia vi ya Kiswahili, na kazi imekwisha. Wengi wetu tuliingia katika lugha hii kwa mlango huo, wala si mlango mbaya. Lakini liko neno moja ambalo sheria hiyo hulipeleka njia isiyo yake, na neno lenyewe ni kuvimba.

Kiganda kina maneno mawili yanayofanana, kubimba na kuzimba. (Wenyewe twasema okubimba na okuzimba, lakini hapa nitaiacha ile o ya mbele ili wasomaji wa Kiswahili wasichoke.) Kubimba ni kutoa povu. Maziwa yakipanda sufuriani mpaka yakamwagika motoni, yamebimba. Na mtu aliyeshikwa na kifafa akitokwa na povu kinywani, husemwa abimba ejjovu. Kuzimba ni jambo jingine kabisa. Mguu ulioteguka wazimba. Jicho lililoumwa na nyuki lazimba. Shavu la mwenye jino bovu lazimba.

Basi mwanafunzi wetu akilisikia neno la Kiswahili kuvimba, masikio yake hukimbilia wapi? Hukimbilia kubimba, kwa sheria ile ile ya bi na vi. Kumbe ndugu halisi wa kuvimba ni kuzimba. Maana yao ni moja, na sauti zao ni moja pia, ila Kiganda kimeshika z mahali ambapo Kiswahili kimeshika v.

Tena undugu wao una ushahidi wa ajabu. Kuzimba la Kiganda lina maana ya pili, nayo ni kujenga nyumba. Nami nilipokuwa nikipekua kamusi za zamani za Kiswahili katika maktaba yetu, niliona kwamba nazo zina kuvimba la pili: kuvimba nyumba, yaani kuiezeka kwa makuti au nyasi. Siku hizi kila mtu husema kuezeka, na huyu kuvimba wa paa amebaki kwenye kamusi kama mzee asiyetembelewa. Lakini tazameni: maneno mawili huku, maneno mawili kule, kila moja na mwenziwe, mwili kwa mwili na nyumba kwa nyumba. Nilipoligundua jambo hilo niliacha chai ikapoa, na kiongozi wa bweni akanipigia kelele kwamba taa zizimwe.

Mganda naye hana haki ya kumcheka mgeni katika jambo hili, kwa maana ana mtego wake mwenyewe nyumbani. Ekizimbe ni jengo. Ekizimba ni uvimbe au jipu. Herufi ya mwisho tu ndiyo inayotenga hospitali na ugonjwa uliokupeleka huko.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili si mchezo wa darasani tu.

Sisi wa kidato cha tano na cha sita tuna desturi ya kwenda siku ya Jumamosi kusaidia katika zahanati moja iliyo karibu na barabara kuu itokayo Kampala kwenda Mubende na Fort Portal. Twafagia, twachota maji, twaandika majina katika daftari, na inapohitajika twafasiri. Muuguzi wa pale ni Mganda. Kiingereza anakijua vizuri, walakini Kiswahili chake ni cha salamu. Na barabara ile hupita watu wengi wa Kongo, wengine wafanya biashara, wengine waliokimbia vita, na Kiswahili ndicho wanachokuja nacho mkononi.

Jumamosi moja mwaka jana alikuja mama mmoja Mkongo, mtoto wake wa miaka kama minne mgongoni, uso wa mtoto umefunikwa kitenge kwa ajili ya vumbi. Zamu ya kufasiri ilikuwa ya mwenzangu mmoja, kijana mwema na mwepesi wa lugha. Mimi nilikuwa mezani na daftari. Mama akasema, “Mutoto anavimba kinywa tangu juzi.” Hicho ndicho Kiswahili cha kwao, mtu wa pwani angesema “amevimba mdomo,” lakini huko Kongo anavimba yaweza kuwa jambo lililokwisha kutokea. Mwenzangu akamgeukia muuguzi akasema kwa Kiganda, “Abimba ejjovu mu kamwa.”

Uso wa muuguzi ulibadilika mara. Akauliza degedege lilichukua muda gani, mtoto alizirai mara ngapi, kama yuko mwenye kifafa katika ukoo wao. Na huku akiuliza, alikuwa amekwisha fungua kabati la dawa. Mwenzangu alifasiri kila swali kwa uaminifu. Mama alijibu hapana, hapana, hapana, na kwa kila hapana sauti yake ilizidi kuwa ndogo, kwa maana alianza kufikiri kwamba mwanawe ana ugonjwa ambao yeye mama hakuuona. Alitazama huku na huku kana kwamba ametenda kosa. Jambo hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Mtu amekuja na shida moja aijuayo vizuri, nasi tulikuwa tukimpa nyingine asiyoijua.

Mwishowe hakuwa na neno tena, akakifunua kile kitenge. Shavu la kushoto la mtoto lilikuwa limefura kama embe, ngozi yake yang'aa. Povu halikuwapo hata tone.

Muuguzi alifunga kabati. Akamketisha mtoto karibu na dirisha, akamfungua kinywa kwa kijiti, akaona jino la nyuma limeoza na ufizi wake una jipu. Aliwaandikia barua ya kwenda hospitali siku ile ile, kwa kuwa, kama alivyotueleza baadaye, usaha wa jino ukiachwa waweza kushuka mpaka shingoni na kuziba pumzi. Jino liling'olewa, na juma lililofuata tulimwona mtoto yule akila muwa mlangoni pa duka, kwa upande wa kulia. Mwenzangu alikaa kimya siku nzima. Sikuwa na la kumlaumu. Alilisikia neno sawasawa; sheria ya bi na vi ndiyo iliyomponza, na mimi nayajua makumi ya wanafunzi katika shule hii ambao wangefasiri vivyo hivyo.

Tangu hapo nimekuwa nikiyachunguza maneno ya Kiswahili ya jamii hii, na nimeona kwamba Kiswahili hakitazami sana umbo la nje. Vitu hivi vyote ni vya mviringo na vyote vimeinuka. Kinachovitenga ni kile kilichomo ndani. Kiputo kina hewa ndani ya maji. Viputo vingi vikishikana ni povu. Lengelenge lina maji ndani ya ngozi. Jipu lina usaha. Uvimbe ni nyama yenyewe iliyojaa. Unga uliotiwa hamira nao una hewa ndani, lakini umepewa kitenzi chake peke yake, huumuka, labda kwa heshima ya maandazi.

Atakaye kuviona kwa macho na aende jikoni kwetu alfajiri, uji unapochemka. Uji mzito haubimbi kama maziwa. Mvuke hujikusanya chini ya sufuria, hupanda polepole, hufanya kiputo kikubwa kama yai, kisha kiputo hupasuka na kurusha tone la moto. Tone hilo likimwangukia mpishi mkononi, baada ya muda mfupi pale pale pana lengelenge. Kiputo kimezaa lengelenge! Na asubuhi ile ile waweza kuona mkono mzima kuzunguka lengelenge umevimba. Hayo ni mambo matatu katika mkono mmoja, na kila moja lataka jina lake.

Na lataka matunzo yake. Mkono ulioungua huwekwa chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Haupakwi dawa ya meno, wala siagi, wala mafuta ya kupikia, ingawa nimeona yote matatu katika shule hii. Na lengelenge halipasuliwi, kwa kuwa ngozi ile ya juu ndiyo bendeji bora kuliko zote zilizomo kabatini. Ukiipasua wafungua mlango wa vijidudu. Jipu nalo hufikia wakati likataka kutumbuliwa na mganga ili usaha utoke. Basi fikirini mtu akimwambia muuguzi jipu naye ana lengelenge, au kinyume chake.

Lakini msidhani mpaka huu umenyoka kama kamba ya mwashi. Uko uvimbe ambao ndani yake ni maji matupu. Mtoto aliyekosa chakula cha kujenga mwili hupata ugonjwa uitwao kwashiorkor, ambao Waganda huuita obwosi. Miguu yake hujaa, uso wake hujaa, na mtu asiyejua husema mtoto huyu amenona. Ukibonyeza mguu wake kwa kidole gumba, shimo hubaki pale kwa muda. Maji yapo, walakini hayana chumba. Yamelowa ndani ya nyama kama maji katika sifongo. Kwa hiyo huitwa uvimbe, wala hakuna mtu wa pwani atakayeliita lengelenge.

Nchi yetu ya Uganda imepata sifa duniani kwa uvimbe mmoja. Mwaka 1957 mpasuaji mmoja wa hospitali ya Mulago, jina lake Denis Burkitt, aliitwa na mwenziwe, Hugh Trowell, kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Meno yalikuwa yamelegea. Ingekuwa jipu la jino, lingekaa upande mmoja, kama la mtoto wa zahanati yetu. Haukupita muda mrefu akaona mtoto mwingine wa namna ile ile katika hospitali ya Jinja, naye tumbo lake pia lilikuwa na vivimbe. Burkitt akaanza kupekua madaftari ya hospitali, na mwaka 1958 akaandika habari za ugonjwa huo. Mwaka 1961 alisafiri na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, kwa gari kuukuu, kilomita zipatazo 16,000 katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini, wakiuliza katika hospitali baada ya hospitali kama wamewaona watoto wenye taya za namna hiyo. Mwaka 1964 wanasayansi huko London waliona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Leo ugonjwa waitwa kwa jina la Burkitt, ni saratani, na watoto wengi wakiwahishwa hupona kwa dawa. Ninapousoma mkasa huu mimi huwaza juu ya safari ile: katika kila hospitali lazima alikuwapo mtu aliyesimama kati ya daktari na mama wa mtoto, akifasiri neno la uvimbe kutoka lugha moja hadi nyingine. Majina yao hayakuandikwa, nami nasikitika kwa hilo.

Wala si mambo ya zamani tu. Mwaka 2024 ugonjwa wa mpox uliingia Uganda, na tarehe 14 Agosti mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ni hatari ya dunia nzima, tangazo lililoondolewa Septemba 2025. Upele wa mpox huanza kama madoa, huinuka, hujaa maji kama malengelenge, kisha usaha, kisha hukauka. Tetekuwanga nayo ina malengelenge, na wengi walizichanganya. Alama moja ambayo waganga huitafuta ni tezi: mgonjwa wa mpox mara nyingi huvimba tezi za shingo, za kwapa au za kinena, lakini katika tetekuwanga jambo hilo si la kawaida. Basi ikiwa mfasiri ana neno moja tu kwa lengelenge na kwa uvimbe, amekwisha itupa alama yenyewe kabla haijamfikia mganga. Mgonjwa amesema mambo mawili, na mganga amesikia moja.

Maneno haya hutoka pia hospitalini yakaenda kutembea. Mwenye kiburi huambiwa amevimba kichwa, na mwenye hasira amefura. Aliyekula kupita kiasi siku ya Krismasi amevimbiwa, nasi sote twajua ni nani. Mwishoni mwa 2015 na mwaka 2016, redio za Tanzania zilijaa habari za kutumbua majipu, wakati Rais Magufuli alipokuwa akiwafukuza wakubwa waliotuhumiwa kula mali ya umma. Wala hakuna aliyesema kutumbua malengelenge, maana lengelenge lina maji safi, na walioambiwa majipu hawakudhaniwa kuwa na maji safi ndani. Liko neno jingine nilipendalo kuliko yote. Mtu akijaa machozi machoni nayo hayajaanguka, husemwa machozi yamemlengalenga. Sikilizeni jinsi linavyokaribiana na lengelenge. Kote kuwili ni maji yaliyosimama yakingoja. Yule mama wa Kongo, alipokuwa akijibu hapana yake ya tatu, machozi yalimlengalenga, na hilo halikuhitaji mfasiri.

Mwezi uliofuata, mwenzangu yule na mimi tuliomba ruhusa kwa mwalimu wetu wa Kiswahili tutengeneze kadi ya kutundika zahanati. Tulichora picha, kwa kuwa picha haina lahaja: sufuria yenye povu, mkono wenye lengelenge, shavu lililovimba, shingo yenye tezi, mguu wenye alama ya kidole gumba. Chini ya kila picha tuliandika neno la Kiswahili, la Kiganda na la Kiingereza. Chini ya povu tuliandika kubimba kwa wino mwekundu, na chini ya shavu kuvimba na kuzimba pamoja, tukayafunga kwa mstari mmoja ili mtu aone kwamba hao ni ndugu. Mwenzangu ndiye aliyeuchora mstari huo, akaukoleza mara tatu.

Kazi ya kunakili maneno ya Kiganda tulimpa kijana wa kidato cha pili mwenye mwandiko mzuri. Aliandika vizuri sana. Tuliitundika kadi ukutani, muuguzi akaja na miwani yake, akaisoma neno kwa neno mpaka akafika kwenye shavu, akaanza kucheka hata akashika meza. Kijana alikuwa ameandika ekizimbe. Kwa mujibu wa kadi yetu, mtoto yule alikuwa na jengo shavuni. Tulitaka kuishusha tuiandike upya, lakini muuguzi alikataa. Alichukua kalamu yake, akaifuta ile e, akaandika a juu yake, na kadi ikabaki ukutani hivyo hivyo.